UZI: Kila mtu anakijua kimondo cha Mbozi. Leo tuzungumze jiwe la Ivuna, gramu 705, lenye vumbi la nyota zilizokufa kabla Jua halijawaka

Fundi_Maabara_Temeke

Wakuu, salaam.

Jumamosi nilikuwa na vijana wangu wa tuisheni hapa Temeke, kidato cha pili, tunapitia jedwali la elementi. Tulipofika safu ya mwisho kulia, yaani heliamu, neoni, agoni, kriptoni, zenoni, binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama hizi gesi haziungani na kitu chochote, zina faida gani?" Nikamjibu chapuchapu: maputo, taa za matangazo, mtungi wa agoni wa mafundi wanaochomelea alumini. Hakuna nililokosea, ila nikiwa kwenye daladala ya Mbagala narudi nyumbani nikaona nimemdhulumu yule mtoto. Kutoungana kwao na kitu ndiko kulikowafanya wawe mashahidi wazuri kuliko elementi nyingine zote. Ni kupitia gesi hizi ndipo binadamu alipogundua kwamba ndani ya mawe fulani yaliyoanguka kutoka angani mna chembe zilizokuwepo kabla ya Jua letu, kabla ya Dunia, kabla ya chochote tunachokiita chetu.

Na mojawapo ya mawe ya aina hiyo lilianguka Tanzania. Sizungumzii Mbozi.

Kimondo cha Mbozi tunakiheshimu: takriban tani 16 za chuma na nikeli pale kilima cha Marengi. Watoto wanakisoma shuleni na watalii wanapiga picha nacho. Lakini chuma kile kiliwahi kuyeyuka kikiwa ndani ya gimba mama huko angani, na kitu kikishayeyuka kinapoteza kumbukumbu ya kilichokuwemo. Ni kama kuyeyusha hereni za bibi ukatengeneza bangili: dhahabu ni ileile, hereni hazipo tena.

Tarehe 16 Desemba 1938 kikaanguka kimondo kingine Ivuna, upande wa Ziwa Rukwa, leo ni wilaya ya Momba mkoani Songwe. Kilichookotwa ni gramu 705 tu, pungufu ya kilo ya sukari. Jiwe jeusi, laini, la kufikichika. Halikuwahi kuyeyuka. Ukiliondolea gesi nyepesi kama haidrojeni na heliamu, mchanganyiko wake wa elementi unakaribiana na wa Jua lenyewe kuliko karibu aina zote za mawe tulizonazo. Ndiyo maana kundi lake duniani kote linaitwa CI: C ni ya kaboni, I ni ya Ivuna. Mwanasayansi wa Tokyo au wa Paris akiandika "CI" kwenye daftari lake, anaandika jina la kijiji chetu. Vimondo vya kundi hili vilivyoonekana vikianguka unaweza kuvihesabu kwa vidole vya mkono mmoja: Alais na Orgueil vya Ufaransa, Tonk cha India, Revelstoke cha Kanada, na Ivuna.

Sasa turudi kwenye gesi, maana hapo ndipo penye utamu.

Nenda pale Feri ukamwage kikombe cha chai ya rangi baharini. Nani atajua? Mwaga kikombe hichohicho kwenye ndoo ya maji safi, kila mtu ataona. Oksijeni na silikoni ndani ya jiwe ni bahari: kikija kidogo kutoka nyota ya mbali kinamezwa, hakionekani. Lakini gesi adimu, hizi za safu ya mwisho kulia, karibu hazimo kwenye mawe. Mawe yalipokuwa yanaganda zenyewe hazikushikamana na chochote, zikaenda zake. Kwa hiyo hata kiasi kidogo mno cha zenoni kutoka kwingine kikiingia, kinaonekana wazi kama ile chai kwenye ndoo.

Na kila gesi ina isotopu zake, ndugu wa tumbo moja wanaotofautiana uzito tu. Zenoni inao 9, kuanzia 124 hadi 136. Neoni inao 3: 20, 21 na 22. Hewa hii tunayoivuta hapa Dar, ukihesabu neoni yake, kwa kila atomu moja ya neoni-22 utakuta karibu 10 za neoni-20. Uwiano huo ni kama lafudhi. Mtu akifungua mdomo tu unajua huyu ni wa Tanga, huyu wa Bukoba.

Mwaka 1960 John Reynolds wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipima zenoni ya kimondo cha Richardton akakuta zenoni-129 imezidi. Ilitokana na iodini-129, ambayo kila baada ya miaka kama milioni 16 nusu yake inageuka kuwa zenoni. Iodini yenyewe ilishakwisha zamani mno, amebaki mtoto wake. Mwaka 1964 yeye na Grenville Turner wakapasha moto kimondo cha Renazzo hatua kwa hatua, wakipima gesi inayotoka kila joto linapopanda. Katika joto fulani ikatoka zenoni yenye lafudhi ngeni: isotopu nzito zimezidi, na nyepesi kabisa nazo zimezidi. Mwaka 1969 David Black na Robert Pepin wakakuta neoni iliyoelemea mno kwenye neoni-22. Kadiri vipimo vilivyoboreshwa ndivyo ilivyozidi kuonekana kwamba neoni hiyo karibu yote ni 22, ile ambayo kwenye hewa yetu ni moja kati ya kumi na moja hivi.

Hakuna kitu katika mfumo wetu wa Jua kinachoweza kutoa neoni ya namna hiyo. Ilibaki swali: imejificha ndani ya nini?

Naendelea chini, naomba nafasi.

---

MamaTabata

Kaka, nimeacha chungu jikoni kwa ajili ya uzi huu. Endelea.

---

Fundi_Maabara_Temeke

Asante dada, epua kwanza chungu.

Walioitafuta ile nyumba ya gesi kwa bidii kuliko wote ni kundi la Edward Anders na Roy Lewis wa Chuo Kikuu cha Chicago. Njia yao ilikuwa ya ukatili. Walichukua kipande cha kimondo cha Allende, kilichoanguka Meksiko Februari 1969, wakakiyeyusha kwa asidi kali. Mwaka 1975 wakatangaza kwamba yalibaki masalia meusi yasiyofika hata nusu ya asilimia moja ya jiwe, lakini karibu zenoni yote ngeni ilikuwa humo. Fikirieni gunia zima la mchele umelimwaga, ukabakiwa na gao moja, na ndani ya gao hilo ndimo yalimokuwa madini yote uliyoyatafuta. Anders mwenyewe alifananisha kazi hiyo na kuchoma rundo zima la majani makavu ili uipate sindano.

Nawaomba muitazame akili iliyotumika hapo. Hawakuwa wanajua wanatafuta madini gani. Hawakuwa na picha yake wala jina lake. Walichokuwa nacho ni gesi tu, kama mbwa wa polisi mwenye harufu ya shati. Kila baada ya kuosha kwa kemikali wanapima: gesi bado ipo? Basi kilichoondoka sicho. Wanaosha tena. Miaka 12 ikapita hivyo, toka 1975 hadi 1987.

Mwaka 1987 ndipo ilipojulikana. Zenoni yenye isotopu nzito na nyepesi zilizozidi ilikuwa ndani ya almasi. Si almasi za Mwadui. Hizi zina upana wa nanomita 2 hadi 3 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kila moja ina atomu za kaboni kama elfu moja au mbili hivi. Mwaka huohuo ikapatikana silikoni kabaidi, na mwaka 1990 grafaiti, kaboni ya aina iliyo kwenye penseli. Kila moja na gesi yake.

Hii silikoni kabaidi ngoja niwaoneshe kwa karibu, maana mnaishika kila siku bila kuijua. Jirani yangu ni fundi rangi wa magari. Ule msasa wake mweusi, msasa wa maji anaosugulia bodi kabla ya kupuliza rangi, vipunje vyake kwa kawaida ni silikoni kabaidi. Jana nilimwomba kipande, nikakisuuza, nikakipindisha juani. Vinametameta vidogovidogo, vyeusi lakini vinang'aa kwenye kingo. Kiwandani wanaitengeneza kwa kuchoma mchanga na kaboni kwenye tanuri la umeme, kwa sababu Dunia yetu ina oksijeni nyingi na silikoni ikiiona oksijeni haitaki mwingine. Ili silikoni imshike kaboni, lazima kaboni iwe nyingi kuliko oksijeni. Wingu lililozaa Jua letu halikuwa hivyo. Mahali palipo hivyo ni kwenye angahewa la nyota fulani zilizozeeka, majitu mekundu yanayopumua tabaka zake za nje kwenda angani. Kadiri ile pumzi inavyopoa, punje zinaganda. Upepo wa nyota ileile unazipiga na kuzichomekea neoni na zenoni. Zaidi ya punje 9 kati ya 10 za silikoni kabaidi kwenye vimondo zinatoka kwenye nyota za aina hiyo. Chache, kama moja katika mia, zilitoka kwenye nyota zilizolipuka.

---

Bibi_Mstaafu_Upanga

Mwanangu, nimefundisha sayansi miaka mingi na sikuwahi kuyasikia haya. Niulize kitu. Hiyo neoni-22 peke yake, bila ndugu zake, iliingiaje? Nyota inapopuliza si inapuliza zote kwa pamoja?

---

Fundi_Maabara_Temeke

Shikamoo mama. Umeuliza swali ambalo mimi lilinichukua wiki.

Ziko namna mbili. Ya kwanza ni ile ya silikoni kabaidi: ndani ya lile jitu jekundu kuna tabaka la heliamu ambamo neoni-22 inatengenezwa kwa wingi, kwa hiyo inapopulizwa nje ndiyo inayotawala, ingawa ndugu zake kidogo wamo.

Namna ya pili ndiyo iliyoniondolea usingizi. Kwenye baadhi ya punje za grafaiti kuna neoni-22 karibu tupu. Gesi tupu namna hiyo haiwezi kuwa imeingia ikiwa gesi. Iliingia ikiwa sodiamu, sodiamu-22, ambayo tofauti na gesi inashikamana na vitu. Sodiamu-22 haidumu: kila baada ya miaka 2.6 nusu yake inageuka kuwa neoni-22. Maana yake, mama, ni kwamba nyota ililipuka, na ndani ya miaka michache tu, muda wa mtoto kuanza na kumaliza kidato cha nne, yale masizi ya grafaiti yalikuwa yameshaganda na kuifungia ndani ile sodiamu. Yangechelewa miaka 30 kusingekuwa na kitu cha kufungia. Mambo haya yalitokea zaidi ya miaka bilioni 4.6 iliyopita, na sisi tunajua kwamba punje ile iliganda kwa haraka kuliko mtu anavyomaliza nyumba yake Chanika.

---

Bibi_Mstaafu_Upanga

Marahaba. Nimeelewa. Hilo la sodiamu nitamsomea mjukuu wangu leo.

---

Dili_Kariakoo

Mkuu nauliza kwa nia njema. Mtu akiokota jiwe kama hilo la Ivuna, bei ikoje? Nina mtu Dodoma anadai analo.

---

Fundi_Maabara_Temeke

Ndugu yangu, bei siingilii, ila nikwambie namna jiwe linavyoharibika ili huyo mtu wa Dodoma asilipoteze. Asilioshe. Asilipige nyundo kutazama ndani. Asilisugulie sumaku, maana kimondo kinaweza kuwa na kumbukumbu ya usumaku wa zamani na sumaku ya spika ya redio inaifuta papo hapo. Alifunge kwenye karatasi safi ya alumini, aandike tarehe na mahali alipoliokota, alipeleke kwa wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mengi yanayoletwa huwa ni mawe yetu ya kawaida yenye chuma au ni mabaki ya uyeyushaji, lakini moja likiwa lenyewe, kile kipande cha karatasi chenye tarehe kina thamani kubwa sana.

Jiwe la aina ya Ivuna hasa ni dhaifu mno. Orgueil, ndugu yake wa Ufaransa wa mwaka 1864, kinamomonyoka kikilowa maji. Ivuna lilianguka Desemba, na kule Desemba ni mvua. Lingelala nje wiki mbili za mvua lingekuwa tope, na leo kundi zima lingeitwa jina lingine. Kuna watu waliliona, wakaliokota kwa wakati. Hao nawavulia kofia.

---

Mto_Momba

Wakuu, mimi nimezaliwa Kamsamba, niko Dar mwaka wa tisa sasa, Kimara. Ivuna kwetu tunaijua kwa chumvi. Tangu mababu watu wanachemsha maji ya chemchemi kule wanapata chumvi, hata wataalamu wa mambo ya kale walishachimba pale wakakuta vyungu. Nyumbani nilikuwa nikisikia "jiwe la angani" nadhani wanasema la Mbozi. Leo ndiyo najua letu ni lingine. Nimesoma mara mbili, nimekaa kimya kwanza. Hilo jiwe liko wapi sasa hivi?

---

Fundi_Maabara_Temeke

Karibu sana ndugu wa Momba, uzi huu ni wako kuliko wetu.

Limegawanywa vipande. Kikubwa kiko Natural History Museum ya London, walikipata mwaka 2008, na vingine vimetawanyika kwenye hazina nyingine za vimondo. Mwaka 1938 Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza na hatukuwa na maabara ya kulipima. Mimi linaniuma, sifichi. Sidai kwamba lisingepimwa. Lilipimwa, na dunia imejifunza. Kinachoniuma ni kwamba mtoto wa Ivuna anaweza kumaliza shule bila kuambiwa hata sentensi moja kwamba herufi I kwenye vitabu vya sayansi ya sayari ni ya kwao.

Na bado linafanya kazi. Wajapani walipoleta vumbi la Ryugu, asteroidi yaani gimba dogo la mawe linalozunguka Jua, Desemba 2020, gramu 5.4, walipolipima wakakuta linafanana na kundi la CI. Wakaliweka pembeni ya Ivuna na Orgueil kulinganisha, na punje za kabla ya Jua zikaonekana kote.

---

MamaTabata

Kaka, mimi nataka kujua umri. Nilisoma mahali kwamba kuna punje ya miaka bilioni 7. Jua lina bilioni 4.6. Nani alikuwepo akahesabu?

---

Fundi_Maabara_Temeke

Dada, gesi tena. Hiyo ni kazi iliyotoka mwaka 2020, ya Philipp Heck na wenzake wa Chicago, kwenye kimondo cha Murchison kilichoanguka Australia Septemba 1969.

Punje ikielea angani kati ya nyota inapigwa na miale ya kosmiki, yaani chembe zinazopita angani kwa kasi kubwa mno. Kila mara moja moja mwale unaipiga atomu ya silikoni, inapasuka, na kipande kimoja kinachobaki ni neoni-21, yule ndugu ambaye kwa kawaida ni haba kuliko wote. Fikiria bati jipya lililoezekwa Kigamboni karibu na bahari. Ukijua chumvi ya pale inakula bati kwa kasi gani, kutu yake inakwambia limekaa miaka mingapi. Neoni-21 ndiyo kutu. Walipima punje 40. Nyingi zilikuwa zimeelea chini ya miaka milioni 300 kabla ya Jua kuzaliwa. Chache zilikuwa za zamani sana, na kongwe kabisa inakisiwa ilitangulia Jua kwa miaka kama bilioni 3, ndiyo hiyo 7 uliyoisoma. Kipimo kina ukingo mpana wa makosa na wenyewe wameuandika waziwazi, ila hata ukichukua upande wa chini bado punje ni kongwe kuliko Jua.

Kitu kimoja walichokisimulia siwezi kukiacha: Murchison ukikisaga unga na kuuloweka, unatoa harufu kama siagi ya karanga iliyooza. Nimeona karanga zikioza stoo, naijua harufu ile. Ndani ya uvundo huo mna vumbi la nyota.

---

Kinondoni_Jiokemia

Mkuu, uzi mzuri, lakini niweke sawa jambo moja kwa heshima. Umesema almasi kana kwamba zote ni za kabla ya Jua. Zenoni ile ngeni ni kweli ya nyota, wala hakuna anayebisha. Lakini ni almasi moja tu kati ya milioni hivi iliyo na hata atomu moja ya zenoni, na ukipima kaboni ya almasi zote kwa pamoja uwiano wake unakaribiana na wa Jua. Kwa hiyo kuna wanaoshikilia kwamba sehemu kubwa ya almasi zile zilitengenezwa hapahapa kwenye mfumo wa Jua, na chache tu ndizo za nyota. Silikoni kabaidi haina ubishi huo, maana unaweza kupima punje mojamoja.

Pia, kwa ndugu wa Momba: heliamu iliyogunduliwa bonde la Rukwa, ile iliyotangazwa 2016, msiichanganye na gesi za kimondo. Ile ni ya humuhumu ardhini, imetokana na urani na thoriamu kwenye miamba ya zamani sana. Rukwa imepata bahati mara mbili: gesi adimu kutoka chini, na gesi adimu kutoka juu.

---

Fundi_Maabara_Temeke

Nimepokea mkuu, na umesema kweli. Nilipoandika "ndani ya almasi" nilitakiwa niseme "ndani ya baadhi ya almasi". Nitalirekebisha kabla sijawasomea vijana. Hilo la mara mbili nalo nalichukua, kwa ruhusa yako.

---

Mto_Momba

Wakuu, nimempigia mama simu sasa hivi. Anasema dada yake babu bado yupo Kamsamba, kwa makadirio alikuwa binti mdogo miaka ile, na huwa anasimulia kuna mwaka mbingu ilinguruma bila mvua. Mama hajui ni mwaka gani. Mimi Desemba naenda nyumbani kwa likizo.

---

Fundi_Maabara_Temeke

Ndugu yangu, usingoje Desemba kama unaweza. Mwambie mama akae naye, simu iwe inarekodi, asimtajie mwaka wala neno "kimondo" kwanza, amwache asimulie mwenyewe kwa lugha yake: ilikuwa saa ngapi za siku, sauti ilitokea upande gani, nani waliokwenda kuokota, jiwe lilikuwa la moto au la baridi. Ukileta, nitaliandika lote kwenye ubao wa tuisheni chini ya zenoni.

---

Mto_Momba

Nimemtumia mama vocha. Anakwenda kwake kesho asubuhi.